Nimekwama kwenye usaili wa SOC kwa swali la logi, naombeni mwongozo nianzie wapi

ZamuYaKwanza:

Habari zenu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nina kama mwaka na nusu najifunza mambo ya usalama wa mitandao, nilianza na video, nikaingia TryHackMe, ile tovuti ya mazoezi, nikamaliza vyumba vingi tu, nikasoma notsi za cheti cha Security+ mara mbili japo mtihani wenyewe bado sijafanya. Wiki iliyopita nikaitwa usaili wa nafasi ya mchambuzi wa SOC (kituo cha kulinda usalama wa mitandao) daraja la kwanza, ile ya kukaa zamu unaangalia kengele zinazolia kwenye SIEM, mfumo unaokusanya logi zote pamoja. Maswali ya mwanzo nilijibu yote, TCP na UDP zinatofautianaje, DNS inafanyaje kazi, poti 445 ni ya nini, nikaona kazi hii nimeshapata.

Halafu dada mmoja kati ya wale wasaili akanigeuzia laptopu, kwenye skrini kuna logi za Windows, mistari yenye namba ya tukio 4625 ya akaunti moja imejaa, jumla 183 ndani ya dakika 2, IP ileile, saa nane usiku, na chini kabisa kuna mstari mmoja wa 4624, aina ya logoni 10. Akaniuliza unaona nini hapa. Nikasema hapa kuna mtu anabahatisha paswedi, ningeifungia hiyo IP kwenye fayawoli. Akasema sawa, halafu? Nikanyamaza. Akasubiri kidogo akauliza tena, halafu unafanya nini? Sikuwa na neno wakuu. Nikatoka pale nimenyong'onyea.

Sasa naombeni mnisaidie, nisome nini kwanza? Nikafanye cheti au nitengeneze lab yangu? Na je lazima nijue kuandika programu? Nataka hii kazi kweli, sio kwa kubahatisha.

MzeeWaLogi:

Pole mdogo wangu. Jibu lako halikuwa baya, lilikuwa nusu. Uliangalia ile mistari 183 ukaona ndo habari yenyewe, wakati habari iko kwenye ule mmoja wa chini. 4625 ni mtu amebisha hodi hakufunguliwa, 4624 mlango umefunguka. Sasa mtu yuko ndani tayari, wewe unakimbilia kufunga geti la nje. Ndo maana yule dada akakuuliza "halafu" mara mbili, alikuwa anakupa nafasi uone.

Twende taratibu maana hilo swali moja lina mafunzo ya mwezi mzima ndani yake. Anza na kasi. Mara 183 kwa dakika 2 ni zaidi ya mara moja kila sekunde, mtu aliyesahau paswedi yake haendi hivyo, yeye anakosea mara tatu nne, anatulia, anajaribu tena, mwisho anapiga simu kwa watu wa IT. Kwa hiyo hapo ni programu inayojaribu. Halafu fungua 4625 mojawapo usome ndani, kuna sehemu inaitwa substatus, ukikuta 0xC000006A maana yake akaunti ipo ila paswedi siyo, ukikuta 0xC0000064 maana yake hata hilo jina halipo kwenye mfumo. Wa kwanza anayajua majina yenu, wa pili bado anabahatisha mpaka majina, na hao ni watu wawili tofauti kabisa. Aina ya logoni nayo inasema mengi, 2 ni mtu amekaa mbele ya kibodi, 3 ni kupitia mtandao kama vile mafaili ya kushea, 10 ni rimoti desktopu. Usishangae ukikuta zile 4625 zinaonyesha 3 huku 4624 inaonyesha 10, NLA (paswedi kuhakikiwa kabla rimoti desktopu haijafunguka) ikiwa imewashwa ndo inavyokuwa, wengi wanaoanza wanadhani ni mashambulizi mawili.

Kuna jambo lingine hapo hata wachambuzi wazoefu wanalipita. Akaunti imejaribiwa mara 183 na haijafungwa, hakuna 4740 hata moja, ile ya akaunti kufungwa. Hiyo peke yake ni taarifa ya kupeleka, kwamba sera ya kufunga akaunti ama haipo ama imelegezwa mno.

Haya, sasa "halafu". Ile 4624 ina Logon ID, yaani namba ya huo uingiaji, chukua hiyo namba uifuate. Kuna 4672 yenye namba hiyohiyo? Kama ipo basi aliyeingia ana mamlaka ya adimini. Kuna 4688 baada ya hapo, yaani prosesi gani (programu zinazokimbia) zimeanzishwa na huyo aliyeingia? Na ujue 4688 haiji yenyewe, lazima iwashwe, na ili uone amri nzima iliyoandikwa kuna mpangilio mwingine tena wa kuwasha. Kuna 4720, akaunti mpya? 4732, mtu ameongezwa kwenye kundi la maadimini? 7045, sevisi mpya imesimikwa? Ukikuta 1102 jua logi za usalama zimefutwa, hapo usikae unachambua peke yako, nyanyua simu mpigie wa daraja la pili. Kisha toka nje ya hiyo mashine uulize akaunti ileile imeonekana wapi tena baada ya saa nane usiku, na ile IP imegusa seva gani zingine.

Kutenga mashine na kusimamisha akaunti kunafuata hapo, kwa utaratibu wa mahali ulipo, mara nyingi daraja la kwanza anapendekeza tu na mwenye mamlaka ndo anabonyeza. Ila mashine usiizime, ukizima vilivyokuwa kwenye memori vinapotea na huenda humo ndo kulikuwa na ushahidi.

Jifunze hizo namba kama kumi hivi mpaka ziwe kwenye damu. Sio kukariri, kila namba uione ikitokea kwa macho yako, ukishaiona ikitokea hutoisahau tena.

DadaPaketi:

Mzee kamaliza, mimi naongezea hapo kwenye "uione ikitokea" maana ndo penye lab na watu wengi wanaogopa bure wanadhani lab ni maseva.

Unahitaji laptopu moja, RAM 16 GB inatosha vizuri, 8 utahangaika ila inawezekana ukiwasha mashine mojamoja. Weka mashine pepe mbili, moja Windows ya majaribio, Microsoft wanaitoa bure Windows Enterprise ya siku 90 na ile ya seva siku 180, nyingine Linux. Kwenye Windows simika Sysmon, programu ya kurekodi yanayotokea kwenye mashine, hii ni ya bure na inakupa vitu ambavyo logi za kawaida hazikupi, tukio namba 1 ni prosesi mpya pamoja na amri yake na prosesi mama (iliyoianzisha), namba 3 muunganisho wa mtandao, namba 11 faili limeumbwa, namba 22 mashine imeuliza DNS. Halafu zipeleke logi kwenye SIEM, kama Wazuh, ni ya bure kabisa na chanzo chake kiko wazi, au Splunk ile leseni ya bure inayomeza mpaka MB 500 kwa siku, ila Splunk ya bure haikupi kengele za kujiwekea, utakuwa unatafuta kwa mkono, na kwa mwanafunzi mimi naona hilo lina faida yake maana unalazimika kujua unachotafuta.

Sasa wengi wanafika hapo wanapiga skrinshoti ya dashibodi wanaweka kwenye wasifu wao wameridhika. Lab ndo kwanza inaanza jamani. Siku ya kwanza usishambulie chochote. Tumia hiyo Windows kawaida, fungua kivinjari, andika barua, simika programu, izime uiwashe, halafu kaa chini usome logi zote ulizozalisha. Utashangaa mashine iliyotulia ina kelele kiasi gani. Ni svchost.exe (prosesi inayobeba sevisi za Windows) ngapi zinakimbia kwa pamoja? Mama yao nani? Utakuta mama yao ni services.exe, na siku ukikuta svchost.exe mama yake ni kitu kingine moyo utakushtuka wenyewe, hakuna mtu atakayehitaji kukufundisha. Usipoijua hali ya kawaida hutoiona isiyo ya kawaida hata ikiwa mbele ya macho yako.

Baada ya hapo ndo ujishambulie. Ile ya usaili wako unaifanya jioni moja tu, kwenye mashine yako mwenyewe, sio ya kazini wala ya jirani, mtandao wa mtu mwingine bila ruhusa ni kosa la jinai hata kama nia yako ni kujifunza. Kuna Atomic Red Team, majaribio madogomadogo ya bure yaliyopangwa kwa namba za MITRE ATT&CK, ile orodha ya mbinu za washambulizi, kwa mfano T1110 kubahatisha paswedi, T1059.001 PowerShell, yaani lugha ya amri ya Windows. Unaendesha jaribio moja halafu unajiuliza, logi yangu imeona nini na haijaona nini.

Kuandika programu sio lazima mwanzoni. Ila jua kusoma skripti ya PowerShell na uweze kuandika Python ya mistari ishirini ya kuchambua faili la logi, itakusaidia sana.

KaratasiKwanza:

Nafuatilia uzi na nakubaliana na mengi ila mnamwonea huyu kijana mkimwambia lab lab lab bila kumwambia kuhusu vyeti. Kabla hujafika kwa huyo dada mwenye laptopu kuna mtu wa rasilimali watu anachuja wasifu 300, huyo hajui Sysmon ni nini, yeye anatafuta neno Security+. Hulioni jina lako kwenye orodha umeisha, na lab yako nzuri ukabaki nayo nyumbani.

Security+ ya sasa ni SY0-701, imeanza mwishoni mwa 2023, maswali hayazidi 90 kwa dakika 90, kufaulu ni alama 750 kwenye mizani ya 100 mpaka 900. Umeshasoma notsi mara mbili unasubiri nini, panga tarehe ufanye. Ukitaka cha vitendo zaidi kuna BTL1, unapewa tukio na saa 24 za kulichunguza, hicho kinafanana na kazi yenyewe kuliko maswali ya kuchagua.

MzeeWaLogi:

KaratasiKwanza hapo sikupingi, cheti kinafungua mlango. Ninachopinga ni mtu kurundika vitano kabla hajasoma logi hata moja ya kweli. Nimewasaili wengi wa namna hiyo, wanakuambia hatua zote za kushughulikia tukio kwa mpangilio, kujiandaa, kugundua na kuchambua, kuzuia na kung'oa na kurejesha, mafunzo baada ya tukio, wamekariri vizuri kabisa, ukiwapa imeili moja ya utapeli uwaambie nisomee kichwa chake, SPF (ukaguzi kama seva iliyotuma inaruhusiwa kutumia jina hilo) imepita au haijapita, anayeonekana kutuma na anakorudi jibu ni mtu mmoja? Wanakwama palepale ulipokwama wewe kijana. Kimoja kinatosha kuanzia.

NyotaYaUsiku:

Mimi niko zamu za usiku mwaka wa nne sasa, ngoja niseme kitu ambacho hakipo kwenye kozi yoyote niliyopitia, na kinaniuma mpaka leo.

Mwaka wangu wa kwanza, sehemu niliyokuwepo siitaji, tulikuwa na kengele ya PowerShell yenye amri iliyofichwa kwa base64, namna ya kugeuza maandishi yasisomeke kirahisi, ile ya -enc. Ililia kila usiku. Chanzo chake kilikuwa programu halali ya kuorodhesha vifaa, ilikuwa inatuma amri zake kwa staili hiyo, na kila usiku tunafunga tiketi tunaandika "kengele ya uongo, inajulikana". Nimefunga kama mara thelathini kwa mkono wangu. Usiku mmoja, mwisho wa mwezi, ikalia tena, nikaifunga kwa sekunde tano nikaendelea na mengine. Asubuhi mwenzangu anapokea zamu, anapitia tiketi moja moja kama kawaida yake, akaniita. Nyota, hii prosesi mama umeiangalia? Nikaangalia. Ile programu ya vifaa siku zote mama anakuwa wakala wake, hii mama alikuwa winword.exe. Mhasibu alikuwa kazini usiku anafunga hesabu za mwezi, kafungua kiambatisho cha ankara, Word ndo imeita PowerShell. Na ile base64 ilianza na SQBFAFgA, ukiifungua ni IEX, yaani chukua maandishi uyaendeshe hapohapo kama amri. Mashine ilikuwa inaongea na nje kwa saa tano. Saa tano mimi nimekaa pale pale mbele ya skrini.

Hatukuwa wa kwanza. Target kule Marekani mwaka 2013 mfumo wao ulilia, wakataarifiwa, hakuna aliyeufanyia kazi kwa wakati, kadi milioni 40 za wateja zikaenda. Vifaa vilikuwepo na vilifanya kazi yake.

Tangu siku ile sifungi tiketi kwa neno "inajulikana". Naandika mstari mmoja unaosema KWANINI hii ni sawa na zile za nyuma, mama yuleyule, akaunti ileile, mashine ileile, amri ileile. Nikishindwa kuuandika huo mstari basi siifungi. Na kama kitu kinalia bure kila siku usizoee, omba kanuni irekebishwe, na irekebishwe kwa ufinyu, sio "puuza PowerShell yenye -enc" bali "puuza ikiwa mama ni wakala huyu, kutoka njia hii, yenye sahihi hii", maana ukiachia mlango mpana watapita wote.

Kitu kingine kidogo ila kimeshatugombanisha sana, saa. Usiandike "saa nane" kwenye tiketi. Mwenzako akipokea zamu atasoma 08:00 wakati wewe ulimaanisha 02:00, mmepotezana saa sita. Andika kwa tarakimu, saa 24, na useme ni UTC (saa ya pamoja ya dunia) au la. Na faili la kutiliwa shaka usilipandishe VirusTotal, ile tovuti ya kukagua mafaili, kama linaweza kuwa na mambo ya ndani ya kampuni, linaonekana na wengine huko, wewe tafuta kwa hashi yake tu, yaani namba ya kulitambulisha inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe.

ZamuYaKwanza:

Wakuu asanteni sana, nimeisoma hii mara tatu. NyotaYaUsiku pole na asante kwa kusema. Security+ nimeshapanga tarehe. Wiki nzima nimekuwa kwenye lab, siku tatu za kwanza nilifanya kama alivosema DadaPaketi, sikushambulia kitu nilisoma tu kelele za mashine, na kweli svchost ni nyingi ajabu. Jana nikarudia lile swali la usaili, nikajibahatishia paswedi kutoka kwenye Linux mpaka ikaingia, halafu nikaingia kwa rimoti desktopu nikatengeneza akaunti na kuipa uadimini. Nimeandika tiketi kama niko zamu, naomba muikosoe bila huruma:

"Saa 02:13 mdukuzi alishambulia mashine WIN-LAB1 kwa kubahatisha paswedi ya akaunti ya karani mara 183 kisha akaingia. 4672 ipo kwa Logon ID hiyohiyo. 02:19 ametengeneza akaunti mpya msaada2 (4720), 02:20 ameiingiza kundi la maadimini (4732). Hakuna 1102. Hakuna 4740. Napendekeza mashine itengwe, akaunti zote mbili zisimamishwe, na sera ya kufunga akaunti iangaliwe."

DadaPaketi:

Wiki moja tu hiyo! Hongera sana kwa kweli. Ongeza IP ya chanzo, umeisahau, na aina ya logoni. Anayepokea asihangaike kurudi kwenye logi kutafuta kitu ulichokuwa nacho mkononi.

MzeeWaLogi:

Safi sana mdogo wangu, ukiwa na hii ningekuita usaili wa pili. Nakukosoa pawili.

Neno "mdukuzi". Ulimuona? Wewe uliona akaunti ya karani imeingia kutoka IP fulani baada ya majaribio 183 yaliyoshindikana. Andika hivyohivyo. Kesho ikija kugundulika ni mtu wa ndani aliyeweka skripti mbovu, au ni timu ya majaribio iliyopewa ruhusa, tiketi yako bado itakuwa kweli neno kwa neno. Unachodhani kiandike pia, ila kwenye mstari wake, useme ni dhana na unaidhani kwa sababu gani. Na "ametengeneza" nayo vilevile, sema akaunti msaada2 imetengenezwa na akaunti ya karani ndani ya Logon ID hiyo, maana 4720 inakuonyesha nani katengeneza, umeangalia?

La pili, hiyo 02:13 ni ya UTC au ni ya mashine?

ZamuYaKwanza:

Ya mashine mkuu. Wazuh na Event Viewer zinapishana saa 3, sikuwa nimeliona mpaka ulivouliza. Narekebisha sasa hivi, na 4720 nimeifungua, ni karani kweli na Logon ID ni ileile.